Ada ya Magunia Mawili

Mlipokunja gazeti Jumapili iliyopita, kisu kilikuwa bado mkononi mwa Bi Liang, na tumbo la gunia la kwanza lilikuwa limeshapasuka.

Sasa tazameni kilichomwagika.

Si dola. Si hata shilingi. Ilikuwa kahawa, punje safi za Muleba, zikitiririka kwenye sakafu ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, zikipita chini ya kabati la mafaili, nyingine zikiingia ndani ya kiatu cha kijana wa Kikorea aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Na pamoja nazo ikatoka harufu ya samaki iliyowafanya watu wote kumi na mmoja wa foleni ile wapige hatua moja nyuma.

Bi Liang alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa. Katika miaka kumi na miwili ya kukusanya ada za wageni alikuwa amepokea dola, yeni, hundi zisizo na kitu na machozi ya kila taifa. Kahawa hakuwahi.

"Hii nini?" aliuliza kwa Kichina cha polepole, kile anachowawekea wageni.

Yustina Salvatory, miaka ishirini na mbili, mwaka wake wa pili Guangzhou baada ya ule wa kujifunza lugha tu, alimeza mate.

"Ada," alisema.

Kwa ninyi mnaoanza na sisi leo, mambo ni haya. Mgeni katika chuo kile alilipa dola elfu moja kwa kila muhula, wakati mwenzake Mchina aliyeketi dawati lile lile, akisinzia somo lile lile, alilipa kiasi cha kununulia baiskeli. Hiyo ilikuwa ada yenyewe. Mbele yake ilitangulia ada ya kuomba nafasi, ada ya kuandikishwa na ada ya kupimwa damu. Nyuma yake ilifuata ada ya kitanda, ada ya bima, na ada ya kadi inayoonyesha kwamba umelipa ada. Baba yake Yustina alikuwa ameuza alichokuwa nacho na kutuma dola mia sita. Zilibaki mia nne. Aliandika kwamba salio lingekuja na mfanyabiashara wa nyumbani, Anatory, na kweli asubuhi hiyo Anatory alifika na magunia mawili mazito kiasi kwamba Yustina alidhani baba amebadilisha pesa zote kuwa sarafu.

Anatory, mnene, mwenye kofia ya pama na jasho la kudumu, alichomoa bahasha kutoka mfuko wa shati.

"Kuna barua. Imegongwa mihuri miwili," alisema, kana kwamba mihuri ndiyo itakayomtisha Mchina.

"Soma," Bi Liang akaamuru.

Yustina akasoma, akitafsiri huku masikio yakimwaka moto.

"Kwa Mkuu wa Shule. Yahusu salio la ada ya mtoto wangu, dola mia nne. Chama chetu cha ushirika kimetupa stakabadhi badala ya pesa tangu mwezi wa tano. Kwa hiyo naleta mali yenyewe: gunia moja la kahawa safi, kilo sitini, na gunia moja la kahawa ya kutafuna, kilo hamsini. Mimi nami nilikuwa mkuu wa shule kwa miaka kumi na tisa. Nimepokea ada kwa maharage, kwa kuni, na mara moja kwa mbuzi mwenye mimba, na alipozaa nikamrudishia mzazi mtoto mmoja kama chenji. Nakuomba unifikirie kama nilivyowafikiria wenzangu. Wako katika elimu, Mwalimu Salvatory."

Bi Liang alivua miwani.

"Mbuzi?"

"Mbuzi."

"Na chenji ilikuwa mbuzi?"

"Mdogo."

Mkorea alikohoa. Bi Liang aliifuta miwani kwa upindo wa blauzi, akairudisha puani, na kwa nukta moja Yustina alidhani ameona huruma ikipita pale. Kama ilipita, haikusimama.

"Dirisha la mhasibu linafungwa saa kumi na moja jioni ya leo," alisema. "Baada ya hapo, majina ya wasiolipa yanakwenda polisi, idara ya wageni. Kibali chako cha kuishi kinafutwa. Utakuwa na siku kumi za kuondoka China."

"Na kahawa?"

"Izoe."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu.

*

Nje, Anatory alikuwa amekalia gunia la pili akijipepea kwa kofia.

"Ta Anatory," Yustina alianza kwa adabu yote aliyofundishwa nyumbani, "nikopeshe dola mia nne. Baba atakulipa."

"Atanilipa kwa kitu gani? Kwa mkungu wa ndizi?"

"Ta Anatory."

"Binti Mwalimu, sikiliza. Pesa yangu yote sasa hivi ni suruali. Jana nimelipia marobota thelathini ya jinzi pale soko la nguo la Guangyuan Xilu. Ukitaka nikupe jinzi, ukamlipe yule mama kwa jinzi. Ukoo wenu si mnajua kulipa kwa vitu?"

Yustina alikunja mpasuko wa gunia lililochanwa, akaufunga kwa kamba ya kiatu chake mwenyewe.

"Na kwa nini kahawa inanuka samaki?" aliuliza hatimaye.

"Imesafiri na mabondo yangu siku arobaini ndani ya kontena mpaka Hong Kong. Kwani wewe ulitaka ipande ndege, ikae dirishani?"

Mabondo, kama hamjui, ni vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara wa ziwani. Sisi tulikuwa tunawatupia kunguru. Wachina wanavikausha, wanavipima kwa mizani ya dhahabu na kuvipikia supu za wakubwa. Anatory aliligundua hilo mapema kuliko kunguru, na ndiyo maana alikuwa na kofia ya pama.

"Basi unisaidie kuuza," Yustina alisema. "Wewe si mfanyabiashara? Au wewe unajua kununua tu?"

Hapo alimgusa penyewe. Anatory alisimama, akavaa kofia.

"Nitakusaidia kwa asilimia kumi."

"Asilimia kumi ya aibu yangu?"

"Aibu ni yako yote. Mimi nachukua ya pesa."

*

Walikodi guta la kukanyagia na kuelekea Liuhua, kwenye maonyesho ya biashara ya msimu wa vuli. Mji mzima ulikuwa umejaa wanunuzi wa dunia nzima, na kama kuna mahali kahawa ingepata mtu, ni pale.

Mlinzi wa geti aliwatazama, akayatazama magunia, akanusa.

"Meiyou," alisema, neno ambalo Wachina wa sokoni hulitumia kwa kila kisichokuwepo, kisichowezekana na wasichotaka kukitafuta. Bila kitambulisho cha maonyesho, hakuna kuingia.

Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Guta lilikuwa linadai, jua linawaka, na Anatory alikuwa ameanza kuwauzia wapita njia jinzi ambazo hakuwa nazo mkononi.

Ndipo akatokea Chepkoech. Huyu alikuwa mama wa Kericho, mnunuzi wa chupa za chai, mwanamke mrefu mwenye kitambulisho shingoni na sauti ya kuvuka barabara. Yustina aliwahi kumtafsiria mwezi wa nne kwenye kiwanda cha chupa, na Chepkoech hakuwa mtu wa kusahau aliyemwokolea senti.

"Ni nini hii, msichana?"

"Kahawa, mama."

"Kahawa?" Chepkoech alicheka mpaka akashika geti. "Sasa nyinyi watu wa Bukoba mnaleta kahawa kwa nchi ya chai? Hata mimi wa Kericho, na nimezaliwa kwa chai, hapa nimefunga mdomo."

"Ni ada yangu ya chuo. Saa kumi na moja wananifukuza."

Kicheko kilikatika.

"Ungesema hivyo kwanza. Ngoja hapo. Kuna jamaa wa Hainan huko ndani ako na kibanda ya kahawa. Usitoke hapo, na huyu mwanaume asiongee."

Alirudi na Mchina mwembamba mwenye tai fupi. Mtu wa Hainan alichota punje kiganjani, akang'ata moja kwa jino, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akainua kiganja puani.

"Hii kahawa," aliuliza kwa upole, "ilikuwa inavua?"

"Kilo moja yuan ishirini na tano," Yustina alisema haraka.

"Nane."

"Ni kahawa ya daraja la kwanza. Ukikaanga, harufu inatoka."

"Inatoka kwenda wapi? Kwangu. Nane."

"Ishirini."

"Binti, ukitaka nikuhurumie nitakuhurumia. Ukitaka nikulipe nitakulipa. Chagua moja. Kumi na mbili."

Yustina alipiga hesabu. Baba yake, mtu wa hesabu zisizo na kosa, alikuwa ametumia bei ya mwaka tisini na nne, mwaka ule baridi ilipounguza kahawa ya Brazili na Bukoba nzima ikanunua mabati. Mwaka huu ulikuwa tisini na nane, na Brazili ilikuwa imepona.

"Kumi na mbili," alisema.

Kilo sitini, yuan mia saba na ishirini. Aliyokuwa anadaiwa, zile dola mia nne kwa pesa ya Kichina, ni elfu tatu mia tatu na nane. Saa ilikuwa sita na nusu mchana.

"Bado gunia moja," alisema.

"Hilo ndilo baya zaidi," Anatory alijibu. "Hilo la kutafuna. Mtu gani hapa anatafuna kahawa?"

*

Yustina alilifungua gunia la pili juu ya guta, njiani. Ndani mlikuwa na mifuko ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine ndani ya mwingine, na wa nje umefungwa kwa kipande cha kanga, fundo la mama yake, lile la kuzungusha mara mbili na kulaza mkia pembeni. Aliujua mkono ule. Ulikuwa umemfunga fundo hilo hilo mgongoni, akiwa mtoto mchanga, na baadaye kwenye kila mfuko wa shule.

Kilo hamsini. Kuchuma zingali mbichi, kuchemsha na majani ya kienyeji, kuanika, kuanua mvua ikija, kuanika tena, kupepeta. Hiyo haikuwa kazi ya wiki moja. Mama alianza lini? Baba aliandika barua na kugonga mihuri. Mama hakuandika kitu.

Alinusa. Samaki hakuwa ameingia humo. Nailoni za mama zilikuwa zimemzuia mlangoni.

Anatory alinyoosha mkono, akatia punje mbili mdomoni, na kwa mara ya kwanza siku ile akatulia. Alitafuna akitazama mbele, kama mtu aliyeketi ukumbini kwa watu anaowaheshimu.

"Mama yako," alisema, "anajua kuchemsha."

Kisha akamgonga mwendesha guta begani. "Peleka Qingping. Soko la vitu vikavu."

"Kuna nini huko?"

"Kuna mama ninayemuuzia mabondo. Yule ananunua vitu ambavyo mimi na wewe tungezika."

*

Duka la Mama Kwan lilijaa mpaka dari: farasi wa baharini waliokauka, uyoga kama masikio, pembe zilizokatwa vipande vyembamba, mizizi yenye sura za watu. Mwenyewe aliketi nyuma ya mizani, miaka sabini, nywele zimepakwa rangi nyeusi ya kiatu. Nyuma ya pazia la shanga ilisikika milio ya vigae vya majongi, kamari ya Kichina. Wanawake watatu walikuwa wanacheza na mmoja alikuwa anakoroma.

"Laoban," Anatory alimwita, akitumia neno moja la Kichina alilokuwa nalo, lile la kumwita mtu bosi. Kisha akamgeukia Yustina. "Sasa tafsiri vizuri. Mwambie hii ni dawa ya wafalme. Mwambie mzee wa miaka themanini akitafuna tano, anaoa tena."

Hapo ndipo Yustina alipokuwa na deni la elfu tatu mia tatu na nane upande mmoja, na upande wa pili mama mzee aliyekuwa anamwangalia machoni akingoja.

Ilikuwa rahisi. Maneno alikuwa nayo. Mwalimu wa Kichina alishawafundisha mzee, nguvu na kuoa. Nani angemfuata Muleba kumdai?

"Inatibu nini?" Mama Kwan aliuliza.

Yustina alilitazama fundo la kanga.

"Haitibu kitu," alisema. "Kwetu mgeni akifika, kabla hajaulizwa kilichomleta, anapewa hii. Anaimenya kwa meno, anatafuna, anaongea. Usingizi unakwenda. Basi."

Anatory alimkazia macho.

"Mbona maneno yako mafupi kuliko yangu?"

"Kichina ni lugha ya kubana matumizi, Ta Anatory."

Mama Kwan alichukua punje moja, akaitafuna upande wenye meno. Uso wake ulikunjamana, ukakunjuka. Akachukua ya pili. Akaita kitu kwa Kikantoni nyuma ya pazia, na wale wachezaji wakatoka wote, hata aliyekuwa anakoroma, shavu lake likiwa na alama ya kigae. Alitiwa punje tatu mdomoni bila kuulizwa.

Walitafuna. Walitema maganda kwenye karatasi. Walibishana. Aliyekuwa anakoroma alifumbua macho kama mtu aliyekumbuka anadaiwa, akarudi mezani mbio, na sauti yake ikasikika ikihoji nani amegusa vigae vyake.

Mama Kwan alimgeukia Yustina.

"Watu wanaokuja hapa kila siku wananiambia vitu vyao vinatibu saratani. Wewe unasema haitibu kitu." Alijifuta midomo. "Nina wateja wa majongi mitaa minane. Wanakaa mezani siku mbili. Anayesinzia anapoteza. Jin moja, yuan ishirini."

Jin ni nusu kilo. Yustina alikuwa na jin mia moja.

"Arobaini," alisema.

"Umesema haitibu."

"Nimesema haitibu. Sikusema ni rahisi. Mama yangu amesimama juu ya moto miezi minne."

"Na mimi nimekaa juu ya kiti hiki miaka arobaini. Ishirini na mbili."

"Thelathini na tano, na ninakuandikia namna anavyoichemsha."

"Nikijua anavyoichemsha sitanunua tena kwako, mjinga wewe. Usimwambie mtu yeyote namna inavyochemshwa. Ishirini na saba, na mwakani unaniletea nyingine."

Yustina alitikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Anasemaje?" Anatory aliuliza. "Ameuliza habari za yule mzee wa themanini?"

"Amesema hapana shida, mzee ataoa mwenyewe."

Elfu mbili na mia saba. Ukijumlisha na za Hainan, ukitoa za guta, elfu tatu mia tatu na themanini. Ilikuwa imetosha na kubaki, mradi asilimia kumi ya Anatory ingoje.

Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano, na Guangzhou yote ilikuwa imeamua kurudi nyumbani kwa barabara ile moja.

*

Walifika saa kumi na dakika arobaini na nane. Yustina alipanda ngazi mbili mbili, kiatu kimoja bila kamba, noti zikiwa ndani ya kipande cha kanga, fundo la mara mbili na mkia pembeni. Anatory alifuata nyuma, akipumua kama tingatinga na kutaja asilimia kumi kila baada ya ngazi tatu.

Foleni ilikuwa imeisha. Bi Liang alikuwa amekaa kwenye dirisha la mhasibu, akikusanya mihuri yake.

"Nimeleta," Yustina alisema. "Elfu tatu mia tatu na nane. Hesabu."

Bi Liang hakuzigusa. Alifungua daftari, akafuata mstari kwa ukucha, akasimama kwenye jina.

"Wewe umeshalipiwa."

"Nimelipiwa nini?"

"Ada. Saa nane mchana wa leo. Taslimu, dola."

Kwa pumzi moja Yustina alifikiri Chepkoech. Akafikiri malaika. Kisha Bi Liang aligeuza daftari ili asome mwenyewe.

"Dola elfu saba na mia nne. Si muhula huu tu. Miaka minne, mpaka shahada."

Yustina alishika kingo za dirisha. Miaka minne. Hakuna tena barua zenye mihuri, hakuna tena mama kusimama juu ya moto, hakuna kulala akihesabu dari. Angeamka asubuhi awe mwanafunzi tu, kama yule Mkorea, mtu anayelalamikia chakula. Alitamani kulia na alitamani kulala.

"Nani?"

Ukucha wa Bi Liang ulisogea kisanduku kimoja kulia. Jina la mlipaji lilikuwa kwa herufi za kwetu: Derick Rwegasira. Kisanduku kilichofuata, kile cha uhusiano na mwanafunzi, kilikuwa kwa Kichina, neno moja la herufi mbili ambalo Yustina alilisoma katika somo la nne la mwaka wa kwanza, kwenye picha ya familia.

Mume.

"Unatia saini hapa kuthibitisha," Bi Liang alisema. "Au hutii, na pesa namrudishia. Lakini fanya haraka. Ni saa kumi na dakika hamsini na mbili."

Mtu aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nyuma alisimama. Alivaa suti mpya ambayo lebo ilikuwa bado imeshonwa mkononi.

Derick. Yustina alimjua, nani asiyemjua. Muuza magari ya mitumba wa Mwanza, miaka thelathini na nane, yule aliyekuja kwenye sherehe ya kumuaga akampa friji mbele ya watu, wakati nyumbani kwao umeme ulikuwa haujafika. Lilikuwa bado sebuleni, mama aliweka ndani yake sahani.

"Shikamoo," Yustina alisema, kwa sababu mdomo ulikosa kingine.

"Marahaba. Baba yako ameniagiza hii."

Barua nyingine. Hii haikuwa na muhuri.

"Mwanangu Yustina. Nimekutumia ada kwa njia mbili, kama tulivyokuwa tukituma karatasi za mitihani, nyingine kwa basi na nyingine kwa meli, ili moja ikikwama nyingine ifike. Kahawa ndiyo njia ya kwanza. Derick ni ya pili. Hanywi pombe, na ana magari sita. Mama yako hajaambiwa. Baba."

Alisoma mstari wa mwisho kabisa mara mbili.

"Sikuja kukununua," Derick alisema, na ukweli ni kwamba sauti yake haikuwa ya mtu mbaya. Ilikuwa ya mtu aliyesafiri siku tatu bila kulala. "Nimekuja kukusomesha."

"Na hapa umeandika nini?"

"Walisema lazima uhusiano uandikwe. Nikaandika ule ninaoutarajia."

"Tia saini, binti," Anatory alinong'ona nyuma yake. "Miaka minne. Pesa ya kahawa inakufikisha mwezi wa pili tu. Mwezi wa pili utauza nini?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Kalamu ilikuwa pale, imefungwa kwa uzi kwenye dirisha. Yustina aliishika. Ilikuwa nyepesi mno kwa kazi iliyokuwa inaombwa.

Saa kumi na dakika hamsini na tano.

Aliiachia kalamu ikaning'inia. Akafungua fundo la mama yake na kusukuma noti dirishani.

"Andika," alimwambia Bi Liang. "Salio la muhula mmoja. Mlipaji, Yustina Salvatory."

"Uhusiano na mwanafunzi?"

"Mwenyewe."

Bi Liang alihesabu. Alihesabu tena. Aliinua noti moja ya mia, akainusa, akamtazama juu ya miwani, lakini hakusema neno. Muhuri ulishuka saa kumi na dakika hamsini na nane, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko kwaya ya Pasaka. Kisha akafungua sanduku la chuma, akatoa bahasha nene ya dola na kuipitisha kwa Derick.

Derick aliipokea. Hakuhesabu. Aliiweka mfukoni taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akakaa tena kwenye benchi.

"Sawa," alisema. "Hizi nimezipata. Wale ng'ombe wanane je?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa mahari. Baba yako ameshawapokea. Mmoja ameshaliwa."

"Ameliwa wapi?"

"Kwenye sherehe, Yustina. Ilifanyika Jumamosi, baada ya barua hiyo kuandikwa, nyumbani kwenu, watu mia mbili." Alitazama viatu vyake vipya. "Hukuwepo, kwa hiyo baba yako alimweka mdogo wako Dainess akushikilie nafasi. Alikuwa nyumbani tu, anangoja majibu ya chuo cha ualimu. Nikaambiwa ni kushikilia kiti, hakuna zaidi. Nami nikakubali."

Anatory alivua kofia.

"Basi mpigieni simu ashuke kwenye kiti," Yustina alisema.

"Hapo ndipo tatizo lilipo," Derick alisema. "Padri alikuja, akatubariki, akaandika jina langu na la Dainess kwenye kitabu cha ndoa. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba kiti kilikuwa cha mtu mwingine."